Makonyo si ya Kutupwa

Katika visiwa vyetu hakuna mti uliosemwa zaidi ya mkarafuu, na hakuna sehemu ya mti huo iliyosemwa kidogo kuliko makonyo. Karafuu yenyewe imetungiwa sheria, imewekewa ulinzi wa pwani na baharini, imepangiwa bei na madaraja. Lakini kile kijiti kinachobaki mkononi baada ya tumba kuchambuliwa hakijapata kupewa hata robo ya fikra hiyo. Makala haya yamekusudia kulitazama konyo, si kwa jicho la biashara peke yake, bali kwa jicho la mkulima ambaye tungule zake zimeingia ukungu na hana fedha ya kununulia kopo la dawa.

Kila ufikapo msimu wa karafuu, mwenye kupita vijiji vya Pemba nyakati za jioni huwaona watu wameketi jamvini, wake kwa waume, wazee kwa watoto, kila mmoja na kishada chake mkononi. Tumba huwekwa upande huu, makonyo upande huu. Kesho yake vyote huanikwa, kila kimoja mahali pake, kwani karafuu iliyochanganyika na makonyo hushuka daraja. Karafuu kavu hupelekwa katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968. Ama makonyo, yale yasiyoishia jikoni kuwa kuni, huuzwa kwa Shirika hilo hilo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya karafuu, kisha hupelekwa katika Kiwanda cha Makonyo kilichoko Wawi, Chake Chake, ambako tangu miaka ya 1980 yamekuwa yakikenekwa kwa mvuke ili yatoe mafuta.

Mafuta hayo si mengi. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa kilo tano hadi saba hivi, ambapo uzito huo huo wa karafuu huweza kutoa kilo 15 au zaidi. Walakin kwa nguvu, mafuta ya makonyo hayapitwi na ya karafuu. Zaidi ya sehemu nane katika kila kumi za mafuta hayo ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli, ndicho chenye harufu ile kali tuijuayo, na ndicho kiufishacho ganzi ufizi wa mtu mwenye kuumwa na jino. Na kitu hicho hicho, ndugu msomaji, ni adui mkubwa wa ukungu.

Jambo hili si siri wala si uvumi wa waganga. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliidhinisha eujenoli, pamoja na vitu vingine viwili vitokanavyo na mimea yenye harufu, jeranioli na thimoli, itumike kuzuia ukungu wa kijivu unaoozesha zabibu mashambani. Mafuta ya karafuu nayo yameruhusiwa huko kuyakinga matufaha yasioze ghalani. Basi na tuitafakari safari ya bidhaa hii. Mafuta yanatoka katika mti uliopandwa na babu zetu, yanapakiwa katika mapipa, yanavuka bahari, na huko ughaibuni yanatengenezwa kuwa dawa ya kulinda mazao ya wakulima wa huko. Sisi tuliouza mafuta tunakwenda dukani kununua dawa ya unga iliyotengenezwa kwa kemikali za viwandani, kwa fedha za kigeni, tukaipulizie kwenye tungule zetu (nyanya, kama wasemavyo wenzetu wa Bara). Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Hapa chungu amekuwa mgeni, na mwenye shamba hajui kuwa ametupa kitu.

Tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi kwamba mkulima achemshe makonyo leo usiku na kesho asubuhi ayamwage shambani. Mwenye kusema hivyo anamdanganya mkulima, na mkulima wetu amekwisha danganywa mara nyingi na wauzaji wa miujiza. Yafaa kwanza tuelewe dawa hii inafanyaje kazi, maana humo ndimo umo uzuri wake na ndimo imo hatari yake.

Ukungu wa mimea si kudra ya baridi, wala si uchafu uliotoka hewani bila asili. Ni kiumbe hai. Mbegu zake ni vumbi jepesi lichukuliwalo na upepo na matone ya mvua. Mbegu hiyo ikitua juu ya jani lenye unyevu huchipua, hupenyeza uzi mwembamba ndani ya jani, na kuanza kulila kutoka ndani. Siku ambayo mkulima anaona doa, ugonjwa umekwisha kaa siku kadhaa. Chembe za kiumbe huyu, kama chembe za viumbe wote, zimezungukwa na utando wenye asili ya mafuta. Eujenoli nayo ni ya jamii ya mafuta. Hivyo hujipenyeza katika utando ule, huulegeza, mpaka vilivyomo ndani ya chembe vikavuja na ukungu ukafa au ukashindwa kuchipua.

Lakini utando wa chembe za jani la tungule nao pia una mafuta. Dawa haijui kubagua rafiki na adui; kinachobagua ni kipimo. Kikiwa kidogo, ukungu hudhoofika na jani husalimika. Kikizidi, jani hubabuka kama lililomwagiwa maji ya moto. Wala hili si jambo la kubahatisha, kwani huko Marekani mafuta ya karafuu yamepata kuuzwa kuwa dawa ya kuua magugu, hasa kwa wakulima wasiotumia kemikali za viwandani. Kitu kimoja, mkono mmoja kinaponya jani, mkono mwingine kinaliteketeza.

Pana tatizo la pili, nalo ni la maji. Lita moja ya maji haiyeyushi zaidi ya gramu mbili na kitu za eujenoli; kilichosalia huelea. Mtu akimimina mafuta ndani ya bomba la kupulizia na kujaza maji juu yake, mimea mingine atainyunyizia maji matupu na mingine ataichoma kwa mafuta makavu. Ndiyo sababu mafuta ya namna hii hayana budi kuchanganywa na sabuni, tena kidogo, na bomba kutikiswa kila mara. Maji ya makonyo yaliyochemshwa huepuka sehemu ya hatari hiyo, kwa kuwa hayabebi mafuta mengi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nguvu yake ni haba, na hutofautiana sufuria hadi sufuria, kwa kuwa makonyo ya mwaka jana yaliyokaa juani si sawa na ya juzi. La tatu ni kwamba eujenoli huruka upesi hewani. Hili ni neema kwa mlaji, kwani tungule haifiki sokoni na dawa nyingi mwilini mwake. Kwa mkulima ni mzigo, kwani mvua moja ya masika na jua la siku mbili zatosha kuifuta kazi yake yote.

Kwa hiyo twasema wazi: dawa ya makonyo ni ya kukinga kuliko ya kuponya. Bakajani chelewa inapoingia shamba la tungule wakati wa mvua mfululizo, ikalala usiku na kuamka imevamia mstari mzima, hakuna maji ya makonyo yatakayoizuia. Hata dawa za dukani hushindwa mara nyingi mkulima anapochelewa. Mategemeo ya makonyo ni katika mambo mengine: ukungu wa matunda yaliyohifadhiwa, maradhi ya udongoni, na kinyaushi, yale maradhi yanayoangusha miche michanga kitaluni kana kwamba imekatwa kwa wembe usawa wa ardhi.

Wapo watakaouliza: kama dawa za dukani zipo, ya nini kujisumbua? Twawajibu kwa mifano miwili. Dawa iitwayo mankozebu, ambayo wakulima wa Afrika Mashariki wameizoea sana katika tungule na viazi, ilinyimwa idhini mpya katika Umoja wa Ulaya mwezi wa Disemba 2020, kwa sababu ya madhara yanayohofiwa katika uzazi na katika homoni za binadamu. Mkulima wa Ulaya amekatazwa kuipulizia, na huyo alikuwa akiivalia glavu na barakoa. Wetu aghlabu huikoroga ndani ya ndoo ile ile ya nyumbani, kwa kijiti au kwa mkono mtupu, na watoto wamesimama pembeni. Mfano wa pili ni wa shaba. Dawa za shaba ni kongwe na zimeokoa mashamba mengi, lakini shaba haiozi. Kila ipuliziwapo hudondoka ardhini na kukaa, mwaka baada ya mwaka, ikawa sumu kwa minyoo na viumbe wadogo wanaoipa ardhi rutuba. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2019 Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa kilo 28 za shaba kwa hekta moja katika muda wa miaka saba.

Na hapo kwenye shaba pana kisa chenye faida. Katika karne ya 19, mizabibu ya Ufaransa ilishambuliwa na ukungu uliotoka Marekani. Wakulima wa mkoa wa Médoc, karibu na mji wa Bordeaux, walikuwa na desturi ya kuipaka mizabibu iliyo kando ya njia mchanganyiko wa mrututu na chokaa, wala si kwa ajili ya maradhi, bali ili zabibu zionekane mbaya na wapita njia wasiziibe. Mtaalamu Pierre Millardet, akipita huko mwaka 1882, akaona kwamba mizabibu ya kando ya njia ina majani mabichi ilhali ya katikati ya shamba imepukutika. Hakuishia kustaajabu. Alirudi kupima: mrututu kiasi gani, chokaa kiasi gani, mara ngapi. Mwaka 1885 akatangaza matokeo yake, na mchanganyiko ule ukaenea dunia nzima. Elimu ilianzia katika hila ya mkulima ya kumzuia mwizi. Kilichoifanya dawa ni mizani.

Sisi hila tunayo, mizani bado. Kuna nyumba ambamo makonyo hutiwa ndani ya nguo na ndani ya nafaka ili kufukuza wadudu, na watu wanajua kwamba yanafaa. Nani amekaa akapima ni gramu ngapi kwa pishi ngapi?

Hapana budi tuseme pia jambo moja ambalo wenye kupenda mno dawa za asili hawapendi kulisikia. Mkarafuu wenyewe, mti unaobeba adui wa ukungu katika kila jani, unauawa na ukungu. Maradhi ya kifo cha ghafla yameua mikarafuu ya Unguja na Pemba kwa zaidi ya miaka 100. Mti mkubwa, wenye majani mazito, hunyauka na kukauka katika muda wa siku chache, majani yakiwa bado yameshikilia matawini. Katika miaka ya 1950 watafiti Nutman na Roberts walieleza kuwa maradhi hayo yanahusiana na kuvu iitwayo Valsa eugeniae, na kwamba kuvu nyingine ndiyo ikaushayo matawi kuanzia nchani. Mafuta ya mkarafuu hukaa ndani ya vifuko vidogo sana katika majani, makonyo na tumba. Kuvu hizo hushambulia mti wenyewe. Fauka ya hayo, si kuvu zote zinazoiogopa eujenoli kwa kiasi kimoja. Basi tusimtangazie mkulima kwamba makonyo ni dawa ya kila kitu, wakati mwenye makonyo anazikwa na kitu hicho hicho.

Visiwa vyetu vina historia ya kushtukizwa na maradhi ya namna hii. Mwaka 1987 ugonjwa wa michirizi myeusi ya majani ya migomba uligunduliwa Pemba na Unguja, na kutoka pwani ukaenea. Katika nchi zenye mashamba makubwa ya ndizi za kuuza nje, ndege hupulizia dawa juu ya migomba mara nyingi kila mwaka. Nani katika sisi mwenye migomba 20 nyuma ya nyumba anaweza gharama hiyo? Njia yake imekuwa ni kukata majani yaliyougua, kupunguza machipukizi, na kuchagua mbegu inayostahimili. Kazi hiyo ya mikono haina mbadala, na dawa yoyote ya makonyo itakayopatikana itafuata nyuma yake.

Nchi nyingine zimekwisha tangulia, na zina la kutufunza, jema na baya. Indonesia, inayotushinda sote kwa wingi wa karafuu, hukeneka mafuta kutokana na majani yaliyokwisha anguka chini ya mikarafuu, na watafiti wake wamejaribu kuchanganya unga wa majani hayo na udongo ili kuikinga mivanila na kuvu ya Fusarium inayoozesha shina na mizizi. Sisi tunayo mivanila katika mashamba ya viungo, na majani makavu ya mkarafuu yanafagiliwa na kuchomwa moto. Huo ni mfano wa kufuata. Wa kuogopa ni wa Madagascar, ambako wakulima wengi huvunja matawi mabichi ili wapate majani ya kukeneka kila wanapobanwa na haja ya fedha. Na mkarafuu uliovuliwa majani hautoi tumba kama upasavyo. Kwa hiyo siku ambayo makonyo na majani yatapata soko jipya hapa kwetu, lazima iwepo amri iliyo wazi: kilichoanguka na kilichochambuliwa ni halali, tawi bichi ni haramu.

Sasa nini kifanyike? Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iko Kizimbani, Unguja, na ina kituo Matangatuani, Pemba. Hapo ndipo pa kuanzia, na jaribio la kwanza liwe la kinyaushi katika vitalu vya mikarafuu. Tumechagua hilo kwa sababu. Kila mwaka Serikali huotesha miche na kuwagawia wananchi ili kufidia mikarafuu iliyokufa. Mche unaoanguka kitaluni ni fedha ya umma iliyoanguka. Kitalu ni kidogo, kina kivuli, mvua haikipigi moja kwa moja, na dawa yaweza kupimwa kwa kijiko. Iwapo makonyo yatashindwa hapo, yatashindwa kwa gharama ndogo.

Kiwanda cha Wawi nacho kina fungu lake. Kila kilo 100 zinazoingia humo, zaidi ya 90 hutoka zikiwa makapi yaliyopikwa. Makapi hayo yamepungukiwa na mafuta, lakini ni mali ya mboji. Kwa kuwa ni miti, yanaoza polepole, na yanahitaji kuchanganywa na samadi ya ng'ombe na majani mabichi, kugeuzwa mara kwa mara, na kuachwa mpaka lundo limepoa na harufu ya karafuu imekwisha kabisa. Anayeitia shambani ikingali inanukia atashangaa mbegu zake kutoota. Mboji iliyokomaa ina ulinzi wake wa namna nyingine: ndani yake huishi kuvu njema, kama ile iitwayo Trichoderma, ambazo hupigana na kuvu mbaya za udongoni na kuzila. Pengine, kwa maoni yetu, faida kubwa ya makonyo kwa mkulima mdogo itakuwa hii ya mboji kuliko ile ya bomba, ingawa haina mvuto wa dawa na hakuna atakayeiandikia tangazo.

Ama mkulima anayetaka kujaribu mwenyewe, asijaribu shamba zima. Achukue majani matatu ya mmea mmoja, ayapulizie jioni jua likiisha kuchwa, angoje siku tatu. Jani likibabuka, apunguze nguvu. Likisalimika, atenge matuta matatu yaliyo sawa: moja asilitie kitu, la pili alitie maji ya makonyo, la tatu alitie dawa aliyoizoea. Na aandike, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali. Aandike siku aliyopulizia, siku iliyonyesha, siku alipoliona doa la kwanza na katika tuta gani. Daftari la namna hiyo kutoka Micheweni, lingine Wete, lingine Chake Chake na lingine Mkoani, yakifikishwa mbele ya wataalamu, yatakuwa na uzito kuliko hotuba kumi za mikutanoni, zikiwemo zetu.

Kazi hiyo haingoji bajeti. Masika huanza mwezi wa Machi, na bakajani huja nayo. Makonyo ya msimu uliopita, kwa wale ambao hawajayatia jikoni, bado yamo maguniani. Bwana shamba wa kila wilaya na atenge matuta yake matatu kabla ya mvua ya kwanza, mahali penye njia, ili kila apitaye aone lipi limesimama na lipi limekauka.